Kale na Kizamani: Fundi wa Mgeta na Ubao wa Mawimbi

Imekuwa desturi katika baadhi ya mabaraza ya wasomi kuangua kicheko kila inaposimuliwa habari ya fundi wa Australia au wa Marekani aliyekaa majuma mengi akiranda ubao wa kupandia mawimbi kwa mkono wake, kwa umbo la mbao za watu wa zamani, kisha akauuza kwa fedha ambazo zingetosha kuezeka nyumba kwa bati katika kijiji cha mlimani. Kicheko hicho kina hoja mbili ndani yake. Ya kwanza husema kwamba huo ni upuuzi wa watu walioshiba, ambao wamechoka na vitu vya kiwandani wakaanza kuuchezea umaskini kama mtoto achezeavyo viatu vya baba yake. Ya pili husema kwamba, hata kama si upuuzi, jambo hilo ni la watu wa pwani na visiwa, wala halimhusu mtu wa Mgeta aliyezaliwa juu ya Milima ya Uluguru, ambaye yamkini atazeeka bila ya kulowesha wayo wake katika maji ya chumvi.

Hoja zote mbili ni dhaifu, na ya pili ni dhaifu zaidi. Mgeta haina bahari, hilo halina ubishi. Lakini mto Mgeta huteremka ukaungana na Ruvu, na Ruvu huinywesha Dar es Salaam kabla ya kuyamwaga mabaki yake katika Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo, mji wa majahazi na ngalawa. Tena jambo linaloulizwa hapa si maji hata kidogo. Linaloulizwa ni thamani ya kazi ya mkono, na nani mwenye haki ya kuitaja thamani hiyo kwanza. Kwa swali hilo Mgeta ni shahidi bora kuliko pwani nyingi.

Yafaa ijulikane kwanza ubao wenyewe ni kitu gani, maana wengi hucheka wasichokijua. Wenyeji wa visiwa vya Hawaii walikuwa na mbao za namna kadha wa kadha. Alaia ulikuwa mwembamba, na olo ulikuwa mrefu na mnene, nao ulikuwa wa machifu. Miti yake ilikuwa koa, wiliwili, na mti ambao mtu wa Unguja angeutambua mara moja, yaani mshelisheli. Fundi aliuchonga ubao kwa tezo la jiwe, akausugua kwa matumbawe hata ukawa laini, akaupaka mafuta ya mbegu ili maji yasiunywe. Mabaharia wa Kapteni Cook waliuona mchezo huo mwaka 1779 wakaustaajabia. Katika karne iliyofuata maradhi yaliyoletwa na wageni yakawafyeka watu wa visiwa vile, na mchezo ukafifia pamoja na wenyewe. Mbao chache zikabaki katika Bishop Museum mjini Honolulu, nazo zikamngoja Mmarekani Tom Blake, ambaye katika miaka ya 1920 alizichunguza, akatengeneza mfano wake, kisha akatoboa matundu mengi katika mti ili kuupunguzia uzito.

Wala mtu asidhani kwamba Afrika ilikuwa ufukweni ikitazama tu. Katika miaka ya 1640 Mjerumani Michael Hemmersam aliandika kwamba katika pwani ambayo leo ni ya Ghana wazazi waliwafunga watoto wao katika mbao na kuwatupa majini ili wajifunze kuogelea. Mwanahistoria Kevin Dawson, katika kitabu alichokitoa mwaka 2018, amekusanya habari nyingi za namna hiyo. Basi anayesema kwamba kupanda wimbi juu ya ubao ni mchezo wa wazungu, amewapa wazungu zawadi ambayo wao wenyewe hawakuiomba.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mti mzito uliachwa, ukatumika mti mwepesi wa balsa, na mwishoni mwa miaka ya 1950 povu gumu la plastiki likashika mahali pa mti. Ubao ukawa rahisi na mwepesi, na fundi akawa mtu wa kukwangua bonge alilouziwa. Hapo ndipo penye fundisho. Mwezi Desemba mwaka 2005 kiwanda cha Clark Foam cha California, ambacho kilikuwa kikiwauzia mafundi wa Marekani sehemu kubwa ya mabonge hayo, kilifunga milango ghafula. Waliojua povu peke yake walihaha, na bei ikaruka. Waliojua mti hawakuwa na habari. Mwaka uleule karakana ya Grain Surfboards ilianzishwa katika jimbo la Maine, ikawa inaunda mbao za mwerezi kama iundwavyo mashua, mataruma ndani na vipande vyembamba juu yake, tena ikawa inawaita watu waje kuunda ubao wao wenyewe na kurudi nao nyumbani. Huko Australia Tom Wegener naye akaufufua alaia kwa mti wa paulownia. Mafundi wa mtindo huu hufunzana vipimo, hutembeleana vibandani, hugombana juu ya umbo la mkia kama mashehe juu ya mwandamo wa mwezi. Na kazi ikiisha, aghalabu fundi huandika jina lake juu ya ubao.

Jina hilo lisipitwe upesi. Meza ya Mgeta haina jina la mtu. Kinu hakina jina. Tenga la kubebea kabichi, ambalo mtu aliyekata fito na kuzisuka amelifanya lisichoke safari nzima ya lori mpaka sokoni Dar es Salaam, halina jina, na mara nyingi hutupwa likiisha kushusha mzigo.

Kwa nini ubao wa mawimbi uitwe sanaa na tenga liitwe tenga tu? Sababu moja imo katika lugha, na yafaa kuisema bila ya kuona haya. Kiswahili kina maneno mawili ambayo kwa mizani ya kamusi yamekaribiana sana: kale na kizamani. Lakini masikioni mwa watu hayalingani. Kitu cha kale ni kitu cha heshima: magofu ya Kilwa, sarafu, utenzi, mlango wa nakshi. Kitu cha kizamani ni kitu cha aibu: simu ya kizamani, nguo za kizamani, mawazo ya kizamani. Tofauti yake si umri. Tofauti ni kwamba kale ni jina la kitu ambacho mwenyewe amekwisha kufa na hawezi tena kudai chochote, na kizamani ni jina la kitu ambacho mwenyewe yu hai, amekaa mbele ya kibanda chake, na angali anataka kulipwa. Fundi akiwa hai, tezo lake ni la kizamani. Akifa, hilohilo tezo huingia makumbusho, likawa la kale, likawashiwa taa na kulipiwa kiingilio. Mafundi wa mbao za mawimbi wamefaulu katika jambo moja kubwa: wamekataa kungoja kifo. Wameifanya kazi ya zamani iitwe ya kale wakingali hai wenyewe, na fedha yake wakaila wenyewe.

Pwani ya Waswahili ilikuwa na haki ya kutangulia katika jambo hili. Ngalawa huchongwa katika gogo la mwembe. Fundi hana mchoro wa karatasi, ana shibiri, dhiraa na jicho. Hulichimba gogo mpaka ubavu wake uwe na unene anaoutaka, na unene huo huupima kwa kugonga na kusikiliza. Kisha matengo hufungwa, chombo kikaweza kuchukua tanga ambalo gogo peke yake lisingelihimili. Ana maneno yake: omo na tezi, keekee, kalafati, sifa ya kupaka chombo. (Matengo ya ngalawa na matenga ya Mgeta yametofautiana kwa irabu moja tu. Mwanafunzi wa leo huenda asiyajue yote mawili.) Mtepe, jahazi la kushonwa kwa kamba bila ya msumari, ulitoweka katika karne ya 20, na ilipotakiwa kuuonyesha tena Unguja mwanzoni mwa karne hii ilibidi uundwe mpya kama mtu anayeunda ndoto aliyohadithiwa. Hali kadhalika mwaka 2018 lilishushwa majini huko Lamu jahazi la Flipflopi, lililoundwa kwa taka za plastiki. Magazeti ya dunia yalistaajabia plastiki. Yangestaajabia zaidi mikono ya Ali Skanda na mafundi wenziwe, maana plastiki haikujipinda yenyewe ikawa mataruma. Ilihitaji watu waliokwisha kuijua kazi hiyo kwa mti.

Basi na tupande mlimani. Njia ya Mgeta huiacha barabara kuu karibu na Mzumbe, ikajipinda kwenda juu hata hewa ikabadilika. Huko kabichi, njegere, viazi na matunda ya nchi za baridi hustawi juu ya matuta yaliyokatwa ubavuni mwa mlima, na wanawake huteremka na mizigo vichwani kwenda soko la Nyandira na penginepo ambapo malori hungoja. Katika vibanda vya njiani hukaa maseremala, na vifaa vyao si vingi: randa, patasi, msumeno, nyundo, na meza iliyoliwa na miaka. Mbao zao ni za mkaratusi, msonobari au mgrevilea. Kutengeneza mguu wa kitanda ambao hautalia usiku si kazi ndogo katika mbao za mkaratusi, ambazo hupinda na kupasuka zikikauka kwa haraka. Fundi lazima ajue kuzipanga kivulini, ajue upande wa moyo wa mti ni upi, ajue siku ya kuzigusa na siku ya kuziacha. Elimu hii ndiyo ileile ya fundi wa Maine na mwerezi wake. Tofauti ni malipo.

Na malipo yenyewe hupatikana hivi. Kijana huja kibandani, akaamkia kwa adabu, kisha akauliza, "Mjomba, kitanda hiki bei gani?" Fundi hutaja bei. Kijana hushika kiuno. "Ah, mjomba! Mbao zenyewe si za mkaratusi hizi?" Hapo hesabu huanzia kwenye mbao, hupita kwenye misumari, huishia kwenye vanishi, na mkono wa fundi hauingii popote. Na kwa kuwa ameitwa mjomba, katika nchi ya Waluguru ambako ukoo hufuata upande wa mama na mpwa ana haki zake kwa mjomba, fundi amekwisha kufungwa mdomo kabla ya kujitetea. "Basi mpwa wangu, toa ulicho nacho." Adabu njema imetumiwa kama kabari.

Wakulima wa Mgeta wanalo neno la jambo hili, ingawa hulitumia kwa magunia tu. Neno hilo ni lumbesa. Gunia hushindiliwa hata likafika mdomoni, kisha huongezewa kichwa cha juu, likashonewa kamba, likawa na kimo cha mtu. Nalo huhesabiwa gunia moja. Sheria ya vipimo imeikataza lumbesa, na Wakala wa Vipimo wameikemea mara nyingi, kwa kuwa kila mtu mwenye macho huiona ile nundu juu ya gunia. Lakini lumbesa ya kazi haina nundu inayoonekana. Siku tatu za fundi zilizoshindiliwa ndani ya bei ya mbao na misumari hazitoki nje ya mshono. Hakuna wakala atakayezipima. Ndiyo sababu kicheko cha wasomi juu ya ubao wa mawimbi ni kicheko kibaya: wanamcheka mtu aliyekataa lumbesa.

Sasa hapana budi kuwageukia watu wa namna nyingine, ambao hawacheki bali husisimka kupita kiasi. Hao, wakisikia kwamba mbao za mkono zina soko, wataandika mpango: vijana wa Mgeta wafunzwe kuunda mbao za mawimbi, zipelekwe Paje na kwingineko ambako watalii huteleza juu ya maji, na umaskini wa mlima uishe. Umbo litatoka nje, kipimo kitatoka nje, bei itatoka nje, na kijana atatoa jasho. Mpango wa namna hiyo ni lumbesa iliyovishwa suti. Uluguru inayo historia ya mipango. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta katika mpango wa matumizi ya ardhi, nao mwaka 1955 ulileta ghasia, ukaachwa. Roland Young na Henry Fosbrooke waliyaandika mambo hayo katika kitabu chao cha mwaka 1960. Waliosema kwamba Waluguru ni wavivu wa matuta walinyamazishwa na Mgeta yenyewe, ambako watu walichimba matuta na kuyapitishia mifereji ya maji bila ya kiboko, kwa kuwa juu yake waliotesha mboga zilizowalipa. Mlima uleule, jembe lilelile. Kilichobadilika ni nani aliyeamua na nani aliyekula.

Kwa hiyo hapana anayewaambia mafundi wa Mgeta waache vitanda wakaunde mbao za bahari wasiyoiona. Mfano bora zaidi kwao uko Goma, mashariki ya Kongo, nao ni chukudu. Hicho ni chombo cha mti mtupu, chenye magurudumu mawili ya mti yaliyovishwa mpira wa matairi makuukuu, na usukani wa mti. Mtu huweka goti lake juu ya ubao, akateremka nacho kutoka milimani akiwa na viazi, kabichi au magunia ya makaa yenye uzito wa kilo mamia. Ni nani atakayekana kwamba huko ni kupanda wimbi? Wimbi lenyewe ni la udongo na mawe ya volkeno, nalo halina huruma kwa anayeanguka. Chukudu hakikubuniwa na mradi. Kilibuniwa na watu waliokuwa na mti, mlima na mzigo. Na mji wa Goma haukukiita cha kizamani: umekisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara, dereva wa gari la fahari akalazimika kukizunguka kwa adabu.

Wako pia wapenzi wa mila, ambao ni wapole lakini madhara yao si haba. Hao hutaka fundi abaki vilevile, na tezo lake na moshi wake na kaptula iliyochanika, ili wakija kumpiga picha wasikose uzuri. Mafundi wa mbao za mawimbi hawakuishi hivyo. Wengi wao hutumia mashine ya kuranda mahali ambapo mashine haiharibu, na mkono mahali ambapo mashine haioni. Fundi wa Mgeta akipata randa ya umeme hatapungukiwa na ufundi hata chembe. Ufundi haukai katika taabu.

Linalodaiwa kwa wasomi ni dogo, nalo ni la kazi yao wenyewe. Chuo Kikuu cha Mzumbe kiko chini ya mlima huo, na Chuo Kikuu cha Sokoine kiko Morogoro mjini. Mbuzi wa maziwa waliotoka Norway walipelekwa Mgeta katika miaka ya 1980 kwa juhudi za watu wa Sokoine, wakazaana, watu wakanywa maziwa. Ikiwa mbuzi aliweza kupelekwa juu, elimu ya seremala yaweza kuletwa chini. Iandikwe kwa Kiswahili, kwa maneno ya mafundi wenyewe, pamoja na majina yao, kama yaandikwavyo majina ya watunzi wa tenzi: nani alimfunza nani, mti gani hufaa kazi gani, mbao hukauka siku ngapi upande wa mlima wenye ukungu na siku ngapi upande wa jua. VETA nao wana utaratibu mwema wa kumpima na kumpa cheti mtu aliyejifunza kazi nje ya darasa. Utaratibu huo usifiwe. Lakini cheti humtambua mtu, hakihifadhi anachokijua, na siku akizikwa cheti hubaki ukutani kikiwa bubu. Neno fundi lenyewe lilikuwa la mtu ambaye wengine huketi mbele yake wajifunze. Siku hizi huitwa fundi hata aliyeshika bisibisi tangu jana, na wanazuoni wa lugha wamelitazama neno likishuka bei bila ya kusema kitu.

Imebaki hoja moja ya upinzani, ambayo ina nguvu kuliko zote, nayo ni ya msitu. Watu husema kwamba kuisifu kazi ya mti ni kuulaani mlima, kwa kuwa misitu ya Uluguru ina miti na viumbe visivyopatikana pengine duniani, na tangu mwaka 2008 imehifadhiwa kwa sheria, hekta zipatazo 24,000. Ni kweli tupu, na anayeingia huko na msumeno astahili kushitakiwa. Lakini ubao wa mgrevilea hautoki huko. Hutoka katika mti uliopandwa na mkulima mwenyewe kandokando ya tuta la kabichi, akaukata matawi ili mboga zipate jua, akauacha unenepe. Mti huo anaweza kuuza kama kuni au kama mbao. Akiuuza kama kuni haulizwi alijua nini. Akiupeleka kwa seremala jirani yake, ukakaa kivulini mpaka ukauke, ukarandwa, ukawa kiti kilichoandikwa chini ya kalio lake jina la aliyekitengeneza na jina la Mgeta, atakayekinunua Dar es Salaam itambidi aulize bei kwa mwenye jina hilo.